Uzoefu Wangu na Tahoe-LAFS: Kuhifadhi Faili kwenye Kompyuta za Marafiki

Tahoe-LAFS ni programu huria, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python na kutolewa mwaka 2007, inayowawezesha watu kuunganisha nafasi za diski zao zikawa ghala moja la faili. Kundi letu lina marafiki sita, kila mmoja na kompyuta yake nyumbani, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kujua inafaa wapi na inachosha wapi.

Faili husimbwa kwa siri ndani ya kompyuta ya mwenyewe kabla ya kutoka, kisha hugawanywa vipande. Kwa mpangilio wa kawaida vipande huwa 10, na vyovyote 3 kati ya hivyo vinatosha kuirudisha faili nzima. Vipande 7 vinaweza kupotea bila hasara, ila gigabaiti 1 yako itakula takriban gigabaiti 3.3 kwenye diski za wenzako. Rafiki anayetunza vipande hivyo hawezi kuvisoma, wala hawezi kuvichezea bila kugundulika. Hivyo sihitaji kumwamini kwamba hatachungulia. Ninachohitaji ni kumwamini kwamba ataiacha kompyuta yake ikiwaka na hatafuta folda asiyoielewa. Hiyo ni imani ndogo, na ndiyo hasa iliyonivutia kwenye programu hii.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi tusitumie seva, yaani kompyuta zinazotunza vipande, za watu wowote tu, maadamu siri imelindwa. Mwaka 2002 mtafiti wa kompyuta John Douceur alionyesha kuwa katika mtandao usio na mamlaka ya kuthibitisha watu, mtu mmoja anaweza kujifanya wengi. Seva 10 za wageni zinaweza kuwa zote mikononi mwa mtu mmoja, naye akiamua kuondoka ataondoka na vipande vyote. Marafiki zangu nawajua mmoja mmoja, kwa hiyo hesabu ya seva ni hesabu ya watu wa kweli. Hata hivyo wawili wetu wanaishi nyumba moja, na umeme ukikatika hapo mashine mbili huzimika kwa mpigo. Programu inaziona kuwa seva mbili, lakini mimi nazihesabu kuwa moja.

Kuisimika kunahitaji uvumilivu. Tulipojaribu kupakia faili ya kwanza ilikataa, kwa sababu kwa kawaida inadai vipande viangukie seva tofauti zisizopungua 7, nasi hatukufika idadi hiyo. Tulibadilisha faili ya mipangilio, tahoe.cfg, ili vipande viwe 6, vinavyohitajika viwe 3, na seva za chini kabisa ziwe 5. Nafasi inayotumika sasa ni mara mbili tu ya ukubwa wa faili. Kazi iliyotuchosha zaidi ilikuwa kufungua poti, yaani milango ya mawasiliano, kwenye ruta za nyumbani ili mashine zifikiane, jambo ambalo mwongozo unalieleza kana kwamba kila msomaji ni fundi wa mitandao.

Ukishapakia faili unapewa mfuatano mrefu wa herufi unaoanza na URI:CHK: na kuishia, kwa mpangilio wetu, na 3:6 kisha ukubwa wa faili kwa baiti. Mfuatano huo ndio ufunguo wenyewe. Yeyote aliye nao anaisoma faili, na ukikupotea hakuna wa kumlalamikia, kwa kuwa hakuna ofisi wala nywila ya kurejesha. Mimi nimeuandika kwenye karatasi iliyofungiwa mahali pakavu, na sioni haya kusema hivyo katika zama hizi.

Panapopwaya ni kwenye ugawaji wa nafasi. Kila mwenye mashine anaweza kutenga sehemu ya diski isiyoguswa, lakini hakuna mgao uliowekwa kwa kila mtumiaji, hivyo mmoja akijaza diski za wenzake kwa video, dawa iliyobaki ni kumwambia. Hapo ndipo muhali unapoingia. Kampuni unayoilipa unaidai bila kupepesa macho, ilhali rafiki anayezima kompyuta kila usiku ili kuokoa umeme unamzungukazunguka kwa salamu nyingi kabla hujafikia shauri lako. Sisi tulikubaliana kiwango cha juu kwa kila mtu mapema, kwa maandishi, na tangu hapo mazungumzo yamekuwa mepesi.

Programu haijikarabati yenyewe. Diski ya mwenzako ikifa kimya kimya, vipande hupungua na hutajua mpaka uendeshe amri ya tahoe deep-check --repair, ambayo hukagua na kutengeneza upya vinavyokosekana. Jambo zuri ni kwamba unaweza kumpa mwenzako ufunguo wa kukagua tu, akahakikisha vipande vipo bila kuweza kusoma chochote.

Ningeipendekeza kwa kundi dogo lenye angalau mtu mmoja anayejua mitandao na wengine wasiochoka kujibu ujumbe wake. Kwa mtu anayetaka kubonyeza kitufe na kusahau, haifai. Mimi mwenyewe humo nimeweka nyaraka na picha tu. Video nimeziacha kwenye diski ya nje, kwa kuwa kuzipakia maradufu kwa intaneti ya nyumbani huchukua usiku kucha.