Uzoefu wangu: seti ya shafti, msukani na rafadha kwa boti ya mbio ya rimoti

Seti hii niliiagiza kwa ajili ya boti ya rimoti yenye bodi ya faiba ya sentimita 70 na mota isiyo na brashi inayopozwa kwa maji. Kifurushi kilinifikia Kigoma kwa basi kutoka Dar es Salaam kikiwa na shafti ya waya uliosokotwa yenye kipenyo cha milimita 4.76, bomba lake la shaba lenye mrija wa tefloni ndani, kishikilio cha alumini cha kufunga tezini (nyuma ya boti), msukani wenye tundu la kuingizia maji ya kupoza, kapilingi ya kuunganisha shafti na mota, na rafadha (propela) ya mapanga mawili. Vyuma vimechongwa vizuri na shafti inaingia kwenye bushi (pete ya ndani ya kishikilio inayoishika) bila kulegea. Karatasi ya maelekezo, hata hivyo, ni michoro mitupu isiyo na kipimo hata kimoja, na huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu vifaa vizuri vikifungwa bila kunyooka hula betri, huchemsha mota na mwishowe hukata shafti.

Kazi nzito ni kupata mstari. Nilivuta uzi kutoka omo (mbele ya boti) hadi katikati ya tezi, nikauchora kwa penseli, kisha nikatoboa kwenye mkuku (uti wa chini wa bodi) kwa keekee na kulirefusha tundu kwa tupa ya duara mpaka bomba likapita kwa mteremko mdogo. Bomba hupindwa kwa mikono, taratibu, ili mkunjo wake uwe mrefu. Likikunjwa ghafla, waya husugua sehemu moja tu na tefloni huisha hapo. Fundi mmoja wa injini za maboti pale Kibirizi, aliyenisaidia siku hiyo, alinizuia nilipotaka kuanza na mota: "Kaka, bomba likae kwanza, mota ilifuate." Ni ushauri sahihi kabisa. Kabla ya kuweka gundi ya epoksi tuliingiza shafti, tukakaza kapilingi na kuizungusha rafadha kwa vidole viwili. Haikukwama popote, na tulipoiachia ilijizungusha kidogo yenyewe.

Jambo ambalo mchoro umelinyamazia, na ambalo ningependa kila mnunuzi alijue, ni pengo kati ya kishikilio na kile kipande kinachoishika rafadha kwa upande wa boti. Waya uliosokotwa hufupika unapobeba mzigo, kwa hiyo mimi niliacha milimita 3 hivi. Pengo lisipokuwapo, kipande hicho hugandamiza bushi boti inapochomoka, na mota hulazimika kupigana na msuguano badala ya maji. Vilevile angalia msokoto wa nje wa waya: mzunguko wa mota unapaswa kuukaza, la sivyo utafumuka. Waya wa seti hii ulilingana na rafadha iliyokuja nayo, na kwa hilo muuzaji anastahili sifa.

Kishikilio nilikifunga sambamba na sakafu ya boti, kitovu cha rafadha kikiwa karibu usawa wa ncha ya chini ya mkuku, kwa kuwa rafadha ya aina hii imekusudiwa kufanya kazi ikiwa nusu nje ya maji. Kishikilio hiki kina matundu marefu ya bolti, hivyo kukirekebisha ni rahisi, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Rafadha ikielekezwa chini kidogo, tezi huinuliwa na omo hukandamizwa. Ikielekezwa juu, omo hunyanyuka. Asubuhi, Ziwa Tanganyika lilipokuwa limetulia, boti yangu ilirukaruka omo ilipokuwa katika kasi ya juu, nami nikaishusha rafadha kwa kiasi kidogo sana, ikatulia na kwenda imenyooka. Maji ya kupoza yalitoka ubavuni kwa mkondo usiokatika.

Bolti zilizokuja na seti sizisifii. Zilianza kutoa kutu ingawa maji ya ziwa letu si ya chumvi, na nilizibadilisha zote kwa bolti za chuma cha pua, kila tundu la tezini nikalipaka silikoni ili maji yasiingie ndani ya bodi. Baada ya kila mzunguko wa ziwani ninaichomoa shafti, naifuta na kuipaka grisi upya, kwa kuwa grisi huoshwa na maji na mchanga laini wa ufukweni huingia kwenye bushi. Grisi inayotoka ikiwa ya kijivu na yenye chengachenga inaonyesha kwamba bushi imeanza kulika.

Kwa bodi ya sentimita 60 kwenda juu, naipendekeza bila kusita. Mwenye boti ndogo zaidi atafute seti ya shafti nyembamba, maana chuma hiki kitailemea tezi yake, na yeyote atakayeagiza kutoka huku Kigoma aongeze waya mmoja wa akiba katika oda hiyohiyo, kwa sababu madukani hapa haupatikani.