Uzoefu wangu na "Elijah's Chariot" (Gari la Eliya) ya Judith Shatin

Kama unatafuta muziki wa dini wa kukutuliza jioni baada ya kazi, huu sio. Judith Shatin, mtunzi wa Marekani, aliuandika mwaka 1996 kwa ajili ya Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne: fidla mbili, viola na selo, zote zikipitia vipaza sauti, pamoja na sauti za kielektroniki zilizotengenezwa kutokana na shofari, ile pembe ya kondoo dume inayopulizwa katika sinagogi wakati wa Mwaka Mpya wa Kiyahudi.

Pembe ndiyo iliyonishika. Shofari haina matundu ya vidole wala vali. Ina sauti chache tu, kali, zenye mkwaruzo, na Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi, aliandika katika karne ya 12 kwamba mlio wake unawaamsha waliolala wakague matendo yao. Shatin ameichukua sauti hiyo akaigeuzageuza hadi mahali pengine sisikii tena pembe, nasikia upepo. Soma kwanza 2 Wafalme sura ya 2, Eliya akipaa katika upepo wa kisulisuli na Elisha akimlilia, "Baba yangu, baba yangu!" Mimi nilipoisoma, muziki ulinifungukia.

Lakini Wayahudi wana Eliya mwingine, wa nyumbani. Kwenye karamu ya Pasaka humiminiwa kikombe chake cha divai na kufunguliwa mlango. Sabato inapokwisha Jumamosi usiku huimbwa "Eliyahu Hanavi", kumwomba aje upesi pamoja na Masihi. Shatin ameuingiza wimbo huo humu, na ndiyo sababu naiheshimu sana kazi hii: Eliya wa moto na Eliya anayetarajiwa mlangoni wamekaa pamoja, na hakuna anayemfunika mwenzake. Utafute wimbo wenyewe kwanza, uimbwe na watu wa kawaida. Usipoujua, utapitwa na nusu ya utamu.

Usiusikilize kwa spika ya simu. Selo inapotea kabisa na shofari inabaki kelele. Hedifoni nzuri zinatosha. Programu ninayoitumia kusikiliza haikuweka maelezo hata mstari mmoja, wala majina ya wapigaji, na kwa muziki wenye mizizi mirefu namna hii huko ni kumpunja msikilizaji.

Muziki naupa nyota tano. Ukiupenda, nenda kwa Shulamit Ran, mzaliwa wa Tel Aviv aliyeshinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Anza na "O the Chimneys" ya 1969, sauti ya mwanamke na ala chache, maneno yakiwa mashairi ya Nelly Sachs, Myahudi wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi akahamia Sweden mwaka 1940. Huo ni mzito zaidi, na sipendekezi kuufuatanisha na huu siku moja.