Kibanda cha mpira Ngamiani, Tanga: roketi kwa shilingi 500

Mnaniuliza kama kile kibanda kilichoonyesha Artemis I, roketi ya Wamarekani ya kwenda Mwezini, mwaka 2022 kinafaa kwenda. Kinafaa. Nampa mwenyewe nyota nne; ya tano imeliwa na mkalimani wake.

Sifa yake kubwa ni karatasi ya kiingilio. Sharti lilikuwa moja: roketi isiporuka, karatasi haifi, unakuja nayo tarehe mpya. Mzee hakujua anajiingiza wapi. Agosti 29 tumekaa hadi saa tisa na nusu alasiri, NASA, shirika la anga la Marekani, wakaahirisha, kipimo kinasema injini namba tatu haijapoa vya kutosha. Mkalimani akatangaza kwa kipaza sauti kwamba injini imeungua! Injini ilikuwa nzima, kipimajoto ndicho kibovu.

Septemba 3 ilikuwa iruke saa 3:17 usiku kwa saa zetu, lakini magharibi haijaingia ubao wa nje ulishaandikwa: ROKETI HAKUNA, MPIRA UPO. Haidrojeni ilivuja kwenye kiungo cha bomba la kujazia. Mimi ni fundi friji, sikushangaa. Haidrojeni ya kimiminika ina baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na chembe zake ni ndogo mno. Penye upenyo usioonekana, yenyewe inapita. Gesi ya friji tu hunitoa jasho.

Septemba 27 ikafutwa na kimbunga Ian, Novemba 14 ikasogezwa na kimbunga Nicole. Hapo wengine wakauza karatasi zao kijiweni kwa bei ya kahawa, wakisema Wamarekani wanatuzungusha. Kumbe hata mbingu ikiwa nyeupe, hairuki siku yoyote tu: Mwezi uwe mahali pake, na Orion, chombo kinachobebwa na roketi hiyo na kinachotumia umeme wa jua, kisikae kivulini zaidi ya dakika 90 mfululizo. Mkalimani angelieleza hilo, nani angezomea?

Ikaruka Jumatano, Novemba 16, saa 3:47 asubuhi, ndani ya chombo hamna mtu, midoli ya vipimo tu. Kibandani nako tulikuwa wachache, watu wako makazini. Mzee alipokea kila karatasi, hata yangu iliyolowa chai, na waliochelewa akawarudishia picha bila kudai nyongeza.

Mihogo ya kukaanga ni mizuri, pilipili yake kali mno. Kaeni upande wa mlango. Feni ni moja na imemwelekea mwenyewe.