Ile nyumba ya vyu ya ziwa pale Bangwe, Kigoma: nimekaa miezi kumi na moja

Naona ile nyumba ya Bangwe imerudi kwenye stetasi za madalali. Zile picha za barazani jua linazama nazijua vizuri maana moja nilipiga mimi mwenyewe, sasa kabla mtu hajatoa hela ya dalali kwenda kuonyeshwa ngoja niseme nilichokiona humo ndani. Niliingia Septemba 2023 nikatoka Agosti 2024. Vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, stoo, choo cha pabliki, tailizi nzima, luku yako mwenyewe, fensi mbele na pembeni ila nyuma hakuna, na huko nyuma ndiko kwenye stori. Kodi 250,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita mbele, dalali anakula wa kwake mmoja kama kawaida yao.

Vyu ipo, hapo hawakudanganyi. Mvua ikishanyesha hewa ikatulia unaiona milima ya Kongo ng'ambo kama mtu ameisogeza usiku, halafu ikifika Julai Agosti moshi na vumbi inapotea kabisa unabaki unaangalia ukungu. Usiku wa giza mwezi ukiwa haujatoka taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga ziwani mpaka mgeni anauliza ule ni mji gani. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ikawa giza tupu, na dagaa ukiuliza bei sokoni unaondoka na maharage yako kimya kimya. Ila jueni kwamba sebule inatazama magharibi, saa kumi jioni jua linaingia mpaka ukutani kabisa, mimi nilikuwa nahamisha kochi kila siku, na kiangazi upepo wa ziwani unapiga yale madirisha ya alminiamu usiku kucha kama kuna mtu anataka kuingia.

Umeme sina kesi nao. Wenyeji wanakumbuka mji huu ulivyokuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo ukilalamika ulikatika lisaa limoja wanakuangalia tu.

Maji sasa. Bomba lipo uani, yanatoka kama siku mbili kwa wiki, tena usiku, presha ya kuchuruzika kwa sababu nyumba iko mlimani. Simtank ipo ya lita 1000 lakini wameiweka kwenye kistendi kifupi usawa wa dirisha, shawa ya masta haijawahi kutoa maji hata siku moja. Yaani ziwa la mita 1,470 kwenda chini liko pale mbele yako na wewe unaoga na kopo.

Haya, huko nyuma. Siku naonyeshwa ilikuwa kiangazi, udongo mkavu, kila kitu safi. Nikaona jikoni ukuta umepakwa rangi mpya, lakini mpya mpaka kiunoni tu, juu ni ile ya zamani. Nikamuuliza dalali, akaniambia bosi, mwenye nyumba ni mtu wa usafi sana huyo, watoto wa mpangaji walichafua. Nikaridhika! Mtu mzima nina akili zangu, nikaridhika, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye ziwa.

Novemba, saa nane za usiku, mvua ile ya kuongea na bati. Nasikia kitu kama mtu anaburuta gunia jikoni. Nashuka kitandani nakanyaga baridi. Yanaingia chini ya mlango wa nyuma, na sio maji bwana, ni uji mwekundu una vijiti, majani, na kandambili moja ya mtoto ambaye sijui ni wa nani. Kumbe wamekata mlima wakaichomeka nyumba, ukifungua mlango wa jiko hatua mbili tu kuna ukuta wa udongo mtupu umesimama juu kuliko mimi, hauna mawe, hauna majani, hauna mtaro wa kupokea maji, na ile njia ya miguu inayotoka kwa majirani wa juu inamwaga mto wake wote hapo hapo.

Asubuhi natoka na fagio, mama mwenye genge la jirani ananiita. "Mwakeye mwanangu. Mwaka huu yamefika wapi?" Hakuniuliza kama yameingia, aliuliza yamefika wapi. Nikamwonyesha kwenye goti. Akasema aah, afadhali, yule dada wa kabla yako yalimfika hapa, akajigusa kwenye fundo la kanga. Ndio nikaielewa ile rangi.

Nikampigia mzee mwenye nyumba. Mzee ana heshima zake, hana matusi, ila alinijibu mwanangu hiyo ni mvua ya Mungu, mimi nitafanyaje. Nikatafuta vijana wawili wakachimba mtaro wa kuzunguka nyuma mpaka chini, 60,000, na viroba vya mchanga mlangoni. Nikaomba ikatwe kwenye kodi, akasema tutaongea. Hatujaongea mpaka leo. Mtaro ulisaidia, sitasema uongo, Desemba na Januari yalipita pembeni. Aprili ule ukuta wa udongo wenyewe ukaporomoka kipande, ukaziba mtaro na kufunika mfuniko wa karo la choo, na hiyo harufu ya wiki mbili siwezi kuieleza mtu akiwa anakula.

Katikati ya hayo yote mzee akaniambia anauza, milioni 45, na mimi kwa uzuri wa ile baraza nikaanza kupiga hesabu. Nikaomba karatasi. Hati hakuna, ofa hakuna, kiwanja hakijapimwa, kuna karatasi ya mauziano ina muhuri wa serikali ya mtaa basi. Halafu kuna ile sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hakuna shughuli za kudumu. Nikachukua futi kamba ya fundi. Januari nilipata mita 71 toka kona ya baraza mpaka maji. Mei nikapima tena, maana mwaka ule ziwa lilipanda kweli kweli, nikapata 63. Sasa niambie hiyo mita 60 nitaipima mwezi gani.

Na fundi niliyempeleka hakupenda kuta. Tofali za kuchoma hazina shida akasema, shida hakuna lenta, ule mkanda wa zege, juu ya madirisha kuna mbao tu, na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha la sebule unashuka mshazari mpaka chini, sarafu ya shilingi mia inaingia. Wameuziba na rangi, wanapenda rangi hawa watu. Ukanda huu ni wa bonde la ufa na ardhi inatikisika, 5 Desemba 2005 lilipiga tetemeko la 6.8 huku ziwani, kule Kalemie upande wa Kongo nyumba zikaanguka. Mama wa genge anasema yeye sufuria zake zilicheza ngoma. Nikamwambia mzee asante, hela yangu imepelea.

Kwa hiyo kama una mkataba wa miezi mitatu minne ya kiangazi, Juni mpaka Septemba, huna watoto wadogo, chukua, utafurahi, boda zinafika mpaka getini na majirani ni watu wazuri kuliko nyumba yenyewe. Kama unakaa masika, dai kwanza ukuta wa mawe kule nyuma, wa kuonekana kwa macho sio wa maneno, na ile simtank inyanyuliwe. Nilipita juzi nikaona mtaro wangu umejaa nyasi na jiko limepakwa rangi tena, safari hii ya maziwa, kiunoni pale pale. Dalali anataja 300,000. Usimpe hiyo, anzia 200, na mtaro mwambie tayari ulishalipiwa.