Mafunzo ya SEO kwa vitendo Kampala: nenda kama tayari una duka

Niseme mapema: ada ilizidi kidogo shilingi milioni moja, na ningeilipa tena. Lakini kama nisingekuwa na duka tayari mtandaoni, nisingetoa hata nusu yake. Ninauza mafuta ya shea ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wateja ninaowalenga wako Uingereza na Marekani, na duka langu liko Shopify, jukwaa la kufungulia maduka ya mtandaoni. Kabla ya kupanda basi la usiku kutoka Arua nilikuwa nimeshatazama video za SEO, yaani mbinu za kufanya duka lionekane kwenye matokeo ya Google, mpaka nikakinai. Hazikuwa mbaya, ila zote zilihusu maduka ya watu wengine.

Kituo chenyewe kiko Ntinda. Jina nalihifadhi kwa sababu mbele kidogo nina lawama. Kila mmoja alikuja na kompyuta yake na duka lake, na kazi ya kwanza ilikuwa kuliunganisha na Search Console, huduma ya Google inayokuonyesha duka lako linavyoonekana kwenye matokeo yake: unaweka rekodi ya TXT, mstari mfupi wa maandishi, kwenye mipangilio ya domeini (anwani ya duka), Google inathibitisha kuwa ni yako, basi. Huduma hiyo ni ya bure. Papo hapo dada mmoja anayeuza mikoba ya lubugo (kitambaa cha gome la mti) akagundua kwamba duka lake bado limefungwa kwa nenosiri, kama Shopify inavyolifunga linapokuwa jipya. Wateja aliowatumia nenosiri kwa WhatsApp walikuwa wanaingia vizuri; Google ilikuwa inaishia mlangoni. Kwake yeye, ada yote ilirudi asubuhi ile.

Somo lililonifaa zaidi lilikuwa la kutafuta kama anavyotafuta mteja wa kule. Ukiwa Kampala, Google inakuletea matokeo yanayomfaa mtu wa Kampala. Mkufunzi alituonyesha kwamba ukiongeza &gl=us mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa matokeo, unapata picha iliyo karibu na anayoiona Mmarekani. Nikaandika "shea butter": Amazon na wakubwa wenzake, juu hadi chini. Duka langu halina nafasi hapo, leo wala mwakani. Kisha akaniambia niandike "nilotica shea butter". Hapo uwanja ulikuwa mwepesi kabisa, maduka madogo kama langu yanaonekana.

Mnaojua shea mtaelewa mara moja. Mti wa kwetu ni nilotica, ndugu wa ule wa Ghana na Burkina Faso, lakini mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi zaidi, kwa hiyo ni laini na yanayeyuka upesi kiganjani. Anayeandika neno "nilotica" ameshasoma, anajua tofauti, na mara nyingi pochi iko mkononi. Tulibadilisha kichwa cha ukurasa, maelezo na hata majina ya picha, mkufunzi akiwa amekaa pembeni yangu.

Halafu kuna maswali. Watu wa kule huuliza kwa nini shea yao imekuwa na chengachenga. Jibu analijua mama yeyote anayekamua shea: ikipoa polepole, mafuta magumu huganda kwanza na kutengeneza punje, iyeyushe taratibu kisha uipoze haraka. Nikaandika ukurasa mzima kuhusu jambo hilo, kwa maneno yangu, na picha nilizopiga mwenyewe. Sasa ndio unaoniletea wageni kuliko ukurasa wowote wa bidhaa.

Sehemu ya ufundi ilikwenda haraka, na sawa tu. Screaming Frog, programu ya kukagua tovuti, ile ya bure inakagua hadi anwani 500 za kurasa na picha, zinatosha kwa duka dogo. Yangu ilionyesha kurasa zisizo na maelezo na picha nzito zilizotoka moja kwa moja kwenye simu. Google inataka kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, mara nyingi picha, kionekane ndani ya sekunde 2.5, baada ya kupunguza picha nilifika.

Sasa lawama. Mkufunzi mmojawapo alitusukuma tutumie maneno yanayotafutwa sana, mojawapo likiwa ugonjwa wa ngozi wa eczema. Kwa namba ana haki. Kwa sheria, hapana: Marekani ukidai kwamba kipodozi chako kinatibu ugonjwa, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, inakihesabu kuwa dawa, na mimi sina kibali cha kuuza dawa. Nilimwuliza, akacheka, akasema kila mtu anafanya hivyo. Neno hilo sikulitumia. Huyohuyo, mafunzo yakiishia, alituuzia vifurushi vya viungo (linki) kutoka tovuti nyingine, wakati Google imekataza waziwazi kununua viungo ili kupanda kwenye matokeo. Waliolipia nawaombea heri.

Pia msitegemee kufundishwa malipo wala usafirishaji. Shopify Payments haifanyi kazi Uganda, kwa hiyo njia ya kupokea kadi utaitafuta mwenyewe. Na tangu mwisho wa Agosti 2025 Marekani imefuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, jambo ambalo mgeni wako atakutana nalo hata kama ulimpata kwa ustadi wote wa duniani. Mimi nimehamishia nguvu Uingereza kwa sasa.

Mengine ni madogo. Wanafundisha kwa Kiingereza na wanatania kwa Kiganda. Sisi wa West Nile tulikuwa tunacheka mwisho. Chakula hakimo kwenye ada, ila rolex ya pale nje, chapati iliyoviringishwa na mayai, ni nzuri.

Oda za kwanza kutoka Google hazikuja mara moja, ilinichukua miezi. Kwanza nilikuwa naona kwenye Search Console namba ya kuonekana ikipanda huku ya kubofya ikiwa imelala, kisha nayo ikaamka. Ukiamua kwenda, fungua duka angalau miezi michache kabla, unganisha Search Console mwenyewe ili ufike ukiwa na takwimu za kufanyia kazi, na beba MB zako, maana intaneti ya darasani ilikuwa inakatika kila wote tulipoanza kupandisha picha.