Programu ya kubonyeza skrini: uzoefu wangu, na hasira zangu

Jina la programu sitalitaja, wala la hao wanaoiuza pale katikati ya mji, maana sitaki maneno. Anayeitumia ataijua tu.

Mimi nashika stoo ya duka la vipuri Kirinyaga Road. Mfumo wetu wa hesabu ni wa kizamani, haupokei faili ya Excel hata uubembeleze. Kila kipuri kinaingizwa kwa mkono: msimbo, bei, idadi, kisha kitufe cha Hifadhi kule chini. Shehena mpya ilipoingia nikasema hapana. Nikanunua programu inayorekodi mibonyezo yako, halafu inairudia yenyewe. Nikalipa kwa M-Pesa, leseni ikafika hata chai haijapoa. Hapo sina neno.

Kurekodi kulienda sawa. Kurudia sasa! Msimbo unaingia, bei inaingia, idadi inaingia, lakini ikifika zamu ya Hifadhi, kishale kinakimbilia pembe ya chini kulia, kwenye saa, kinafungua kalenda. Kalenda! Kipuri hakijahifadhiwa, na mimi naonyeshwa leo ni Jumatano.

Nikaifungua faili ya rekodi nione imeandika nini. 1500, 875. Kompyuta huanza kuhesabu sifuri kwenye pembe ya juu kushoto. Nambari ya kwanza inakwenda kulia, ya pili inashuka. Sio kama grafu za shuleni ambapo y ikiongezeka unapanda. Skrini yangu ni pikseli 1920 kwa 1080, kwa hiyo 1500 na 875 ndipo hasa Hifadhi ilipo. Rekodi haina kosa.

Nikawaandikia kwenye WhatsApp, na picha ya skrini nikaweka. Jibu likaja bila hata salamu: "Mama, tafuta kijana hapo ofisini akuonyeshe." Kijana! Nimefanya kazi na kompyuta tangu zile za disketi, leo naambiwa nitafute kijana. Nikamuuliza kama ameiangalia picha. Alama mbili za buluu, kimya.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja wa Luthuli Avenue, tena bure. Akaniuliza swali moja tu: "Maandishi umeyakuza kiasi gani?" Asilimia 125, ndivyo laptopu ilivyokuja. Basi, ndilo tatizo lenyewe. Programu isiyojua habari za ukuzaji hudanganywa na Windows: inaambiwa skrini ni 1536 kwa 864. Hii yetu inarekodi kwa pikseli halisi, halafu inarudia kwa kipimo hicho cha uongo. Sasa 875 iko wapi kwenye skrini inayoishia 864? Haipo. Kishale kinakwama ukingoni, na ukingoni kule ndiko saa inakokaa. Akagawanya kila nambari kwa 1.25, akaandika 1200 na 700, tukajaribu. Hifadhi ikabonyezwa katikati kabisa.

Kisha akaingia kwenye sifa za programu, sehemu ya utangamano, akaamuru ukuzaji uachiwe programu yenyewe, ili tusigawanye tena. Dakika moja haikuisha. Je, watu walioiunda programu hawawezi kuyaandika hayo kwenye mwongozo wao?

Lakini niseme ukweli, siku ile nilienda kula madondo na chapati, nikarudi nikakuta orodha nzima imeingia. Nilikaa pale natazama tu vipuri vinavyojipanga. Ningeulizwa saa ile, ningetoa nyota tano na kumsamehe yule wa WhatsApp.

Halafu bosi akaleta skrini ya pili. Tuliiweka kushoto, na kila kilicho kushoto kwa skrini kuu huhesabiwa kwa hasi: -400, -700 na kuendelea. Kisanduku cha programu hakikubali alama ya kutoa. Ukiiandika, inafutika. Nikawauliza tena (ujinga wa matumaini), wakajibu, "Hamisha skrini kulia." Kulia ndiko kuna dirisha la kaunta! Wateja wasome bei tunazonunulia? Au niidanganye Windows kwamba iko kulia, kishale kiwe kinatokea upande nisioutazama?

Suluhisho nimelipata mwenyewe, limefichwa ndani ya menyu ya tatu: unaweza kuiambia ihesabu kutoka pembe ya dirisha la mfumo badala ya pembe ya skrini. Hasi zinaisha, na hata dirisha likisogezwa, mibonyezo inalifuata. Kitu kizuri namna hiyo, na huyo wa kuhudumia wateja hakijui.

Kwa hiyo nyota mbili. Haya, tatu, kama una skrini moja na hujakuza chochote. Huduma yao sifuri, na risiti niliyoombea bosi mpaka sasa hawajaituma.