Kitanda kimoja au viwili? Siku saba Cape Town na mwenzangu

Nianze na swali la dada wa mapokezi, maana naona ndilo nililolilipia nauli. Tulifika Green Point saa nne asubuhi, macho mekundu, tumesafiri usiku kucha kutoka Nairobi kupitia Johannesburg. Dada akatazama kompyuta, akatutazama sisi, akauliza: "Mnataka kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo?" Akangoja, kalamu mkononi, kama mtu anayeuliza chai ya maziwa au ya rangi.

Mimi nilikawia. Mwenzangu ndiye aliyesema, "Kimoja." Dada akaandika, akatupa ufunguo, akatuonyesha ngazi. Basi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Nairobi, na mpenzi wangu ni mwanamke kama mimi. Tuko pamoja mwaka wa sita huu. Kusema kweli, wanawake wawili kwetu hawasumbuliwi sana hotelini. Nendeni Diani, nendeni Watamu, chumba mtapewa. Wanaume wawili ndio watakaotazamwa juu chini kuanzia getini kwa mlinzi. Pwani mwanamke humwita rafiki yake shoga mchana kweupe, na shoga akilala kwa shogaye hakuna anayeuliza. Hiyo ndiyo sitara yetu. Lakini ni sitara yenye kazi. Usiku tunasogeza vitanda viungane, asubuhi tunavirudisha kabla mfagizi hajabisha hodi, na shuka la kitanda cha pili tunalivuruga ili lionekane limelaliwa. Nimefanya hivyo miaka mingi hata nilisahau kwamba ni kazi, mpaka siku nilipoamka Green Point nikakuta sina la kufanya.

Sasa mambo ya safari. Tulikwenda Aprili 2025, wiki ya pili, kabla bei za Pasaka hazijapanda. Wenye pasipoti ya Kenya hatuhitaji viza ya Afrika Kusini tangu Januari 2023, na unaruhusiwa kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaitaka kwa watokao kwetu. Chumba kilikuwa randi 1,450 kwa usiku, yaani karibu shilingi elfu kumi za Kenya, bila kifungua kinywa. Si rahisi. Maji ya moto yalikuja yakipenda, na dirisha letu lilitazama barabara ambayo hailali. Jina la nyumba hiyo silitaji kwa sababu ya hayo maji, ingawa yule dada wa mapokezi ningemsifu hadharani kama ningeweza.

Mtaa wenyewe ndio uliotuleta. De Waterkant na Green Point zimepakana, na ndizo sehemu ambazo watu wetu wamekuwa wakijazana tangu zamani: vijumba vilivyopakwa rangi, vijia vya mawe, mikahawa, bendera za upinde wa mvua hapa na pale. Ukitoka hapo kwa miguu unafika Sea Point, kwenye ile njia ndefu ya kandokando ya bahari ambako jioni mji mzima hutoka kupunga upepo. Jumamosi tuliwakuta wanaume wawili wenye mvi, suti za kijivu, maua kifuani, wanapigwa picha za harusi. Mama mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akapiga vigelegele vibovu, vya mtu asiyezaliwa navyo, watu wakacheka. Mwenzangu alisimama akawatazama hadi nikamvuta mkono.

Hapo ndipo sheria ilipoacha kuwa maneno ya karatasini kwangu. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inataja kwa jina mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, na ndoa za jinsia moja ni halali tangu tarehe 30 Novemba 2006, nchi ya kwanza Afrika. Hata hivyo, maofisa wa serikali wasiotaka kuwafungisha ndoa watu kama wale wazee waliruhusiwa kukataa, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2020. Kwetu, Mahakama Kuu ilikataa Mei 2019 kufuta vifungu vya sheria vinavyoweza kumpeleka mtu jela miaka 14 kwa ngono ya jinsia moja. Msomaji wa Kenya anavijua.

Ufuo wa kwenda ni Clifton, na katika Clifton fuo ziko nne, zimetengwa kwa majabali. Wa tatu ndio wetu. Unapanda basi la MyCiTi la kuelekea Camps Bay, unashuka barabarani, kisha unateremka ngazi nyingi (kupanda ndiyo adhabu). Mchanga mweupe, upepo mkali wa kusini mashariki haufiki sana, watu wamejilaza wawili wawili. Niliweka kichwa kwenye paja la mwenzangu nikasoma kitabu saa mbili nzima. Nani aliwahi kufanya hivyo Nyali? Lakini maji, jamani! Mimi niliyelelewa na Bahari Hindi niliingia mbio kama mjinga, nikatoka mbio zaidi. Mkondo wa bahari wa Benguela unapitisha baridi ambayo sijui samaki wanaivumiliaje.

Mlima wa Meza na Robben Island zimeandikwa vya kutosha na wengine. Mlimani nenda siku ya kwanza yenye utulivu, usiahirishe, maana upepo ukivuma kigari cha kamba hakipandi. Sisi tulirudishwa mara moja.

Kilichonifanya niipunguzie safari hii nyota moja kati ya tano ni usiku wa Ijumaa. Tulikwenda baa moja iliyosifiwa sana, ya watu wetu hasa, bendera mlangoni. Mbele yetu wakaingia wanawake watatu wa Kizungu bila kuulizwa neno. Sisi tukaombwa vitambulisho, kisha tukaulizwa kama tunajua hii ni baa ya aina gani. Nina miaka thelathini na nane! Ndani watu weusi tulihesabika kwa vidole, na wengi wao walikuwa wanabeba trei. Hatukufukuzwa, hatukutukanwa, na muziki ulikuwa mzuri. Tulimaliza soda zetu tukaondoka.

Nje tulianza kuzungumza na dada mmoja aliyekuwa anangoja gari la kumrudisha Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha watu weusi pembezoni mwa mji. Alicheka tulipomweleza, akasema hapa mjini anaulizwa kwa ngozi yake, kwao anaulizwa kwa nywele zake fupi. Akasema mkono wa mpenzi wake anaushika akiwa huku tu. Akatukumbusha Zoliswa Nkonyana, msichana wa miaka 19 aliyeuawa Khayelitsha na kundi la vijana mwezi Februari 2006 kwa kuwa msagaji. Ni mwaka uleule ambao sheria ya ndoa ilipita, miezi tisa baadaye. Kesi yake iliahirishwa na kuahirishwa, na waliohusika walihukumiwa 2012. Kwa hiyo mtu akikwambia Cape Town inatupokea, muulize mtaa gani.

Jumapili ndiyo siku ninayoifikiria hadi leo. Kutoka De Waterkant unapanda kilima kidogo tu, unakuta uko Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wa Cape, ambao wazee wao wengi waliletwa utumwani na Waholanzi kutoka pande za Indonesia, India na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Auwal uko hapo tangu 1794. Nyumba zimepakwa waridi, kijani, manjano, na sambusa zinanukia. Adhana ya adhuhuri iliponikuta barabarani nilijihisi niko Old Town ya Mombasa.

Na nilikuwa na sababu nyingine ya kupanda kilima kile. Tangu nikiwa msichana nilisikia habari za Imamu Muhsin Hendricks, Mwislamu wa Cape Town aliyesema wazi katika miaka ya tisini kwamba yeye ni shoga, kisha akafungua msikiti mjini humo kwa ajili ya watu kama sisi. Alipigwa risasi akafa tarehe 15 Februari 2025, karibu na Gqeberha (zamani Port Elizabeth), miezi miwili kabla hatujafika. Sikutafuta kaburi wala sikuuliza mtu. Nilisimama tu pembeni mwa barabara nikamsomea Fatiha kimoyomoyo.

Karibu na hapo palikuwa na mama mmoja anauza koesisters mlangoni kwake. Ukitaka kuzijua, fikiria mahamri yenye iliki na tangawizi, yamechovywa kwenye shira, kisha yamenyunyiziwa nazi. Alivaa buibui na miwani, na alivyofunga mtandio ni halati yangu (dada wa mama) wa Kibokoni, Mombasa, mtupu. Akatuuliza tunatoka wapi. Alivyosikia Mombasa akafurahi, akatoa salamu upya. Kisha akauliza: "Ninyi ni ndugu?"

Mwenzangu akanitazama. Siku sita nilikuwa nimetembea mji ule nimemshika mkono. Na nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mdogo wangu."

Yule mama akatuongezea mbili bure, akasema tunafanana.

Tulizila tumekaa benchi Sea Point, shira inatiririka vidoleni. Mwenzangu hakunilaumu. Alisema tu, "Basi nikuite dada kuanzia leo?" na kuniita hivyo akaendelea nako mpaka Nairobi, hasa mbele ya watu wa uhamiaji.

Nyota nne. Nitarudi, lakini nitatafuta chumba Sea Point badala ya Green Point, na Ijumaa usiku nitalala. Wenye kupenda shangwe waende mwisho wa Februari wakati wa Pride, tamasha la watu wetu. Wanaotaka kulala tu bila kusogeza vitanda waende Aprili kama sisi, wabebe sweta. Koesisters ni Jumapili asubuhi, ukichelewa zimekwisha. Na ukimkuta yule mama, akakuuliza kama ninyi ni ndugu, mimi sina la kukushauri.